Ua la Manjano Ukingoni mwa Bahari

Wengi wenu hamjaiona bahari. Sisi nasi, tuliolelewa kando ya Ziwa Tanganyika, tulidhani twajua maji makubwa ni kitu gani. Tulikuwa na wazo hilo mpaka asubuhi moja tuliposimama juu ya mchanga wa Bagamoyo, tukaona maji yakitukimbia. Yalirudi nyuma polepole, yakaacha mashua zimelala ubavu, yakaacha kaa na konokono na watoto wenye vikapu, mpaka bahari ikawa mstari mweupe tu kule mbali. Baada ya saa sita hivi yakawa yamerudi yote, kana kwamba hayakwenda popote.

Tulikuwa wawili. Tulivuka ziwa kutoka Kalemie, tukapanda gari la moshi Kigoma, kwenye njia ile ya chuma iliyofika huko mwaka 1914, tukasafiri kilometa zipatazo 1,250 hata Dar es Salaam; kisha basi likatupeleka kaskazini. Kwa jumla ndiyo njia waliyoifuata kwa miguu watu wa misafara katika karne ya 19, waliotoka Manyema na Ujiji wakishuka Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, na wengine minyororo shingoni. Kiswahili tunachokisema huku Kongo kilipanda kwetu kwa njia hiyo. Kilipokuwa kinapanda kilibadilika kidogo, kama tulivyogundua siku ya kwanza. Tuliomba «mayi» ya kunywa katika duka moja, na mama mwenye duka akatuletea mayai mawili ya kuchemsha. Tulikula mayai, kisha tukajifunza kusema maji.

Lakini hatukukusudia kuandika habari za mayai. Twataka kuwaeleza juu ya mmea mmoja mdogo, wenye ua la manjano, ambao watu wengi wa pwani huukanyaga kila siku bila kuutazama.

Yafaa kwanza mjue mahali unapokaa. Ziwa letu nalo hupanda na kushuka, lakini kwa miezi na kwa miaka. Wenzetu wa Uvira na Kalemie hawajasahau jinsi maji yalivyoingia nyumbani mwao mwaka 2021, na tena 2024. Bahari hufanya hivyo mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii yazidi mita 3: kimo cha mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Zaidi ya hayo pana chumvi, inayorushwa na upepo mpaka majanini na mpaka midomoni mwa wapita njia. Pana jua, na mchanga unaounguza nyayo ifikapo saa sita. Na mchanga wenyewe hautulii. Kuanzia mwezi wa Aprili hivi hata Oktoba upepo wa kusi huvuma kutoka kusini na kuusukuma upande wa kaskazini. Kisha kaskazi huja na kuurudisha kiasi. Mkulima gani angechagua shamba la namna hiyo?

Bahari inapojaa huacha mstari wa takataka zake: majani ya baharini yaliyokauka, vifuu vya nazi, siku hizi na chupa za plastiki kwa wingi wa kutia haya. Juu kidogo ya mstari huo, mahali ambapo mtu angeapa kwamba hapaoti kitu, tuliona mafungu ya majani yamelala juu ya mchanga kama nyota za kijani. Majani yalikuwa yamekatwakatwa ukingoni, manene kidogo, yenye kung'aa kana kwamba yamepakwa nta. Kutoka fungu hata fungu ulipita uzi mwembamba, mfano wa kamba ya kuanikia nguo iliyoanguka. Na juu ya mafungu mengi palisimama ua moja au mawili, ya manjano safi, si makubwa kuliko sarafu.

Tulipiga magoti tulitazame moja kwa karibu. Kumbe si ua moja. Ni mkutano wa maua madogo mengi yaliyobanana katika kikombe kimoja. Kila moja lina ulimi mmoja wa manjano, na ncha ya ulimi ina meno matano, madogo hata mtu mwenye macho mabovu hawezi kuyahesabu. Tulikata jani moja: likatoa utomvu mweupe kama maziwa. Tuliuonja, ukawa mchungu. Katika mafungu mengine maua yalikuwa yamekwisha kuzaa, na penye manjano palikuwa na nywele nyeupe laini kama hariri, kila unywele umeshikamana na mbegu, ukingoja upepo. Upepo haukukawia.

Tuliuliza jina. Kijana aliyekuwa akishona wavu alijibu mara moja:

«Huo ni mchunga.»

Mzee aliyekaa karibu naye, kofia yake imeshuka hata kwenye nyusi, alitikisa kichwa. Tukamwamkia: «Shikamoo, mzee.»

«Marahaba, wanangu. Msimsikilize huyu. Mchunga waota shambani, na mama zetu huupika. Hili ni jani la pwani tu.»

Walibishana kitambo, kwa furaha, kama watu ambao siku hiyo hawana samaki wa kuuza. Hatukuthubutu kuwaamulia. Lakini wataalamu wa mimea wangempa kijana nusu ya ushindi. Mchunga wa mashambani, ile mboga chungu yenye shina la kusimama, na mmea huu wa ufukoni ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo waliouita Launaea. Yule wa shamba ameitwa Launaea cornuta. Huyu wa mchanga ni Launaea sarmentosa. Wanafunzi wanaosoma Kilatini watatambua neno sarmentum, yaani tawi jembamba la mzabibu: jina latokana na ule uzi unaotambaa.

Na uzi huo ndio siri ya mmea huu. Fungu la kwanza lina mzizi mnene unaoshuka wima mchangani. Kutoka shingoni mwake hutoka uzi unaotambaa juu ya mchanga. Ukifika hatua fulani hutua, hutia mizizi, hutoa majani, na fungu jipya lazaliwa. Kutoka hapo uzi huendelea tena. Tulifuata mmoja kwa vidole na kuhesabu mafungu tisa kabla ya kuupoteza chini ya mtumbwi. Wimbi likikata uzi katikati, hakuna kilichokufa: kila kipande kina mizizi yake na chakula chake. Mchanga ukilifunika fungu, hilo halingoji kufukuliwa. Hukua kuelekea juu na kutoa majani upya.

Je, wanywa nini, hapa mlangoni mwa chumvi? Swali hilo lilitutatiza mpaka tulipoona kina mama wakiteka maji katika kisima kifupi, hatua chache tu kutoka ufukoni. Tuliyaonja: hayakuwa ya chumvi. Maji ya mvua yanayopenya mchangani ni mepesi kuliko maji ya bahari, hivyo huelea juu yake chini ya ardhi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Mzizi unaoshuka vya kutosha huyakuta, bila kufika kwenye chumvi iliyo chini yake. Na ile nta ya majani huzuia maji yaliyopatikana kwa taabu hiyo yasitoroke upesi juani.

Mmea huu hauko peke yake. Nyuma yake kidogo hutambaa jamaa wa viazi vitamu mwenye maua ya urujuani na majani yaliyopasuka katikati kama kwato la mbuzi. Kisha nyasi ngumu, kisha vichaka, mwishowe minazi na mivinje. Lakini mbele, karibu na maji, waonekana ua la manjano pamoja na wenzake wachache. Wala si Bagamoyo tu. Waota katika pwani za Afrika ya Mashariki, Madagaska, Shelisheli, India, Sri Lanka, mpaka Java. Katika visiwa vya Maldivi watu huyakatakata majani yake, huyachanganya na nazi iliyokunwa na samaki jodari, wakala asubuhi pamoja na mkate. Tulimsimulia yule mzee habari hiyo. Alicheka na kusema kwamba watu wa visiwani hula kila kitu.

Upepo wa pwani hubeba mchanga. Ukigonga fungu la majani, upepo hupungua nguvu, na mchanga unaobebwa huanguka papo hapo. Fungu hupanda juu ya mchanga ule. Mchanga mwingine huanguka. Hivyo, kwa miaka, hujengeka kilima kirefu na chembamba sambamba na bahari, pengine hakizidi goti la mtu mzima. Mtu wa milimani kama sisi aweza kukicheka. Wala tusiseme uongo: mmea huu hauizuii bahari. Ikija dhoruba siku ya bamvua, mawimbi hukila kilima kile kwa usiku mmoja, na maua pamoja nacho. Lakini mchanga ulioliwa haupotei wote. Sehemu kubwa hulala chini ya maji karibu na ufuko, na mawimbi ya siku za utulivu huurudisha kidogo kidogo. Vipande vya uzi vilivyosalia huanza tena kuukusanya. Basi kilima kile ni akiba: siku ya shida bahari hula akiba, haili nyumba.

Mzee alilieleza jambo hilo kwa maneno machache zaidi. «Mchanga huja na kuondoka,» alisema. «Ukiondoka hatuogopi. Twaogopa usiporudi.» Kisha akatuuliza kama tulikuwa tumepita Kunduchi.

Tulikuwa tumepita, siku mbili kabla, bila kuelewa tulichokiona. Kunduchi ni kijiji cha wavuvi cha tangu zamani, kaskazini kidogo ya mji wa Dar es Salaam, ambacho mji umekifikia na kukimeza. Katika miaka ya 1960 na 1970 hoteli za wageni zilijengwa pale, karibu kabisa na maji, kwa sababu mgeni apenda kusikia mawimbi akiwa kitandani. Bahari ikaanza kula ardhi. Hoteli moja kubwa iliharibiwa kabisa. Wengine wakajenga kuta za mawe zinazoingia baharini ili kuushika mchanga unaosafiri na kusi. Ukuta huushika kweli, lakini upande mmoja tu. Upande wa pili mchanga hauji tena, na jirani huliwa kwa haraka zaidi. Jirani naye hujenga ukuta wake. Tulipotembea pale tuliona mawe, saruji, mizizi ya minazi iliyoning'inia hewani. Ua la manjano hatukuliona hata moja. Lingekaa wapi? Mbele ya ukuta ni maji, nyuma ya ukuta ni sakafu.

Mtu aweza kuuliza: mchanga wa Kunduchi ulikuwa ukitoka wapi? Ulitoka kwenye vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya nyuma, kama vile Tegeta na Mbezi. Wakati wa mvua vijito hivyo vilikuwa vikimimina mchanga baharini, na upepo na mawimbi vikiugawa kando ya pwani. Mji ulipokua, watu walihitaji nyumba; nyumba huhitaji matofali, na matofali huhitaji mchanga. Malori yakaanza kuuchota kwenye vijito kabla haujafika baharini. Hatutaki kuwahukumu wachotaji. Ni vijana wanaotafuta ugali, na nyumba tuliyolala sisi wenyewe Dar es Salaam bila shaka ilijengwa kwa mchanga wa namna hiyo. Hata hivyo, hesabu haibadiliki. Mchanga uliomo ukutani mwa nyumba haumo ufukoni. Tena pwani hiyo ilipata pigo jingine: kwa miaka mingi watu waliovua kwa baruti walivunja matumbawe, ile miamba hai ya baharini inayopunguza nguvu za mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Na bahari yenyewe inapanda, polepole lakini bila kupumzika, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto.

Bagamoyo yenyewe bado ina bahati yake. Kaskazini ya mji Mto Ruvu waingia baharini katikati ya misitu ya mikoko, ukiwa na mchanga wake. Lakini hata pale tuliona, mbele ya nyumba fulani ya wageni, kijana akiufagia ufuko tangu alfajiri. Alifagia majani ya baharini, akang'oa na mimea. Tulimwuliza kwa nini angoa maua mazuri vile. Alijibu kwa adabu kwamba wageni wapenda mchanga mweupe mtupu, kama ule wa kwenye picha. Ufagio wake ulikuwa umekwisha kuacha uwanja wa hatua arobaini hivi, laini kama meza. Mbele ya uwanja huo peke yake ukingo wa ardhi ulikuwa umekatika wima.

Yule mzee ndiye aliyetushauri twende Pangani. «Nendeni mkaone Maziwi,» alisema. «Mkifika bado kipo.» Hatukujua anatania au la. Tulipita njia ya Saadani, vumbi likatufanya wekundu hata kope, tukavuka Mto Pangani kwa kivuko. Kesho yake, maji yalipoanza kupwa, nahodha mmoja alitupakia katika mashua yake.

Maziwi kilikuwa kisiwa. Kilikuwa na miti, mivinje mirefu, na kasa wa namna tatu walikuwa wakija kutaga mayai humo. Wenye kuchunguza viumbe vya baharini walikitaja katika miaka ya 1970 kuwa mahali bora pa kutagia kasa katika Tanzania yote. Karibu mwaka 1978 kisiwa kikatoweka. Miti ilikuwa imekatwa kwa ajili ya kuni na mbao, mimea ya chini ikaenda pamoja nayo, na mawimbi yakaanza kuhamisha mchanga ambao haukuwa na kitu cha kuushika. Wengine hutaja pia kupanda kwa bahari na kubadilika kwa mikondo, wala hatuoni sababu ya kuchagua moja na kukana nyingine. Kisiwa kilichoshikwa vizuri huenda kingevumilia mengi. Nahodha wetu alikuwa bado hajazaliwa. Baba yake ndiye aliyemweleza kwamba wavuvi walikuwa wakilala pale kivulini mchana kutwa wakingoja upepo.

Tulitua juu ya fungu la mchanga, jeupe hata kuumiza macho, lenye umbo la ndizi. Tulilitembea lote kwa muda mfupi. Kwa kuwa sasa tulikuwa na mazoea ya kutazama chini, tulitafuta nyota za kijani, na hatukuona jani hata moja. Palikuwa na nyayo za ndege, na mfuo mpana uliotoka majini ukaenda mpaka mahali pa juu kabisa, ukageuka, ukarudi majini. Nahodha aliutazama na kunyamaza kidogo.

«Kasa,» alisema. «Amekuja usiku.»

Ndivyo ilivyo hata leo. Kasa hurudi kutaga katika pwani walikozaliwa, na wengine bado huja Maziwi, wakachimba na kufukia mayai yao katika mchanga ambao bahari ya bamvua huufunika wote. Mayai yahitaji siku 50 hadi 60 za kukaa pakavu na pa joto. Kwa hiyo watu wa pwani ile wamejifunza kuyafukua kwa mikono, kuyapanga ndooni pamoja na mchanga wake bila kuyageuza, na kuyavusha kwa mashua mpaka bara, kijiji cha Ushongo, wakayafukia upya.

Tulirudi kwa njia ya Ushongo. Ufuko wa huko bado mpana, na pale juu ya mstari wa takataka za bahari tulikuta tena lile ua la manjano, limetambaa kila upande juu ya kilima cha mchanga kisichofika goti. Viota vilikuwa hapo hapo, vimezungushiwa vijiti, kila kimoja na kibao chenye tarehe. Kijana aliyekuwa zamu alitueleza kwamba wamepachagua kwa sababu maji hayafiki, na maji hayafiki kwa sababu ya kilima. Lakini mmea nao una madhara yake: mizizi ikiachwa ipite juu ya kiota yaweza kushuka na kuyazonga mayai. Alipokuwa akisema hayo aliona uzi mmoja uliokuwa umevuka vijiti usiku. Hakuukata. Aliufungua taratibu kwa vidole, akaulaza upande wa nje, akaifukia mizizi yake mchanga, akapiga piga kwa kiganja. Saa sita ilikuwa inakaribia, na maua yalikuwa yamekwisha kujifunga.